Usiuze Masta

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita mbele ya watengeneza filamu wenzangu, Dar es Salaam. Waliokuwa lokesheni na waliokwama mikoani waliomba wayapate yote, nami nimeyaandika kama nilivyoyatamka. Picha za ukutani nimeziacha. Hata waliokuwepo hawakuziona vizuri, maana mapazia ya ukumbi ule hayafungi.

Ndugu zangu, hamjambo?

Hiyo haijafika hata kwa walio mlangoni. Hamjambo?

Haya, sasa tuko pamoja. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Wadogo zangu mlioegemea ukuta, viti viwili viko hapa, njooni mkae, hakuna atakayewauliza swali. Wageni kutoka Kigali, poleni na joto. Wa Mombasa siwapi pole, joto hili ni la kwenu pia.

Nianze na swali. Nani hapa ana filamu iliyokamilika, imehaririwa, sauti imechanganywa, halafu imelala ndani ya diski kabatini? Nyosheni mikono. Juu kabisa, niione.

Jamani. Shusheni, mnanitisha.

Swali la pili. Nani anaweza kuniambia filamu yake imetazamwa wapi na wapi, na kila mahali ilileta shilingi ngapi?

Mkono mmoja. Na huyo ni mhasibu wetu.

Niwasimulie safari moja ya Mbeya. Nilipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, kiti cha dirishani. Tulipoipita Chalinze, utingo akachomeka flashi kwenye tivii iliyo juu ya kichwa cha dereva. Ikaanza filamu. Kabla hata jina halijatokea, nikauona mlango wa bluu. Mlango ule naujua. Ni wa nyumba ya shangazi yangu, Temeke, na nilimsihi asiupake rangi nyingine mpaka tumalize kupiga picha. Ilikuwa filamu yangu.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja mtu mzima, amempakata mjukuu. Tukaingia Mikumi, abiria wakasimama kutazama tembo, watoto wakapiga kelele. Yeye macho kwenye tivii. Kipande cha msiba kilipofika, akavuta upande wa khanga akajifuta machozi. Akanigeukia: "Mwanangu, hivi huyu mwanamke ataonewa mpaka lini?" Nikamwambia, "Vumilia mama, dakika tano tu mbele." "Kumbe umeshaiona?" Nikasema nimeshaiona.

Sikusema zaidi. Ningesema nini? Ningemwambia ni yangu, wakati si yangu?

Maana niliiuza. Miaka mingi nyuma nilipanda ngazi za jengo moja hapa mjini, masta mkononi, yaani ile nakala mama ya filamu, nimeitia kwenye bahasha ya kaki kama cheti cha ndoa. Msambazaji alikuwa muungwana. Aliniagizia soda. Akaitazama kama dakika kumi, anaruka anasogeza mbele, akauliza mambo mawili tu: nani yumo, na kava litakaaje. Kisha akafungua droo, akatoa mkataba wa ukurasa mmoja. Ninachokikumbuka kwenye ukurasa ule ni maneno sita: haki zote, njia zote, wakati wote. Nilikuwa nadaiwa na mpiga picha, nadaiwa na mwenye jenereta, nadaiwa na mama ntilie aliyetulisha siku kumi na moja. Nikasaini nimesimama. Soda sikuimaliza.

Naona mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnazijua ngazi zile.

Sasa nitasema neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Mimi sikuibiwa. Yule bwana alikuwa na mashine za kurudufu, alikuwa na mchapaji wa makava, alikuwa na vijana wa kuzungusha mitaani, na alijua namba za simu za wenye maduka ya jumla Mwanza, Kigoma, Mombasa mpaka Lubumbashi. Alijua filamu ya kichawi inakwenda vizuri mkoa gani, na filamu ya mapenzi ipelekwe wapi mwisho wa mwezi mishahara ikitoka. Yote hayo yalikuwa kwenye daftari moja lenye jalada gumu, limechakaa pembeni, liko kwenye droo ileile ulimotoka mkataba. Mimi nilikuwa na filamu. Yeye alikuwa na daftari. Nani kati yetu alikuwa na mali?

Kwa miaka mingi tumeimba wimbo kwamba hatuna watazamaji. Hatuna? Aprili 2012, tulipomuaga mwigizaji wetu Steven Kanumba pale Leaders Club, mliuona umati ule. Watu walilia, watu walizimia, barabara za Kinondoni hazikupitika. Watazamaji tulikuwa nao, tena wa kuzimia. Anwani zao ndizo hatukuwa nazo. Tulijua wanatupenda, hatukujua wanakaa wapi.

Mwaka uliofuata, 2013, zikaja stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki. Tukashangilia. Lakini stempu inahesabu nakala. Wewe uliyeuza masta, nakala zikihesabiwa elfu au laki, zinakuhusu nini? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda mpaka pale kalamu yako inapogusa "haki zote". Na gundi ya stempu ilikuwa haijakauka vizuri, diski zenyewe zikaanza kufa. Vijana wa stationery wakawa wanakujazia flashi filamu kumi kwa bei ya chipsi kavu. Hapo ndipo neno "njia zote" liliponiuma. Nilipolisaini nilikuwa nafikiria kanda na diski. Basi la Mbeya sikulifikiria. Simu ya mkononi sikuifikiria.

Kwa hiyo neno langu la leo ni fupi. Usiuze masta. Pangisha.

Ninyi nyote mmepanga nyumba, au mna mjomba mwenye nyumba ya kupangisha. Mwenye nyumba anafanyaje? Chumba cha mbele anampa fundi cherehani, cha uani anampa mwanafunzi, banda la nje muuza chips. Kila mmoja na kodi yake, kila mmoja na muda wake, na akitaka kurefusha anarudi kuongea. Filamu yako ina vyumba hivyo. Televisheni ni chumba. Mtandao ni chumba. Mabasi ni chumba, ndiyo, mabasi! Shule ni chumba, vibanda ni chumba, nchi jirani ni chumba. Anayetaka chumba cha televisheni mpe kwa miaka miwili, muandikiane. Lakini mwenye nyumba gani mmewahi kumwona anampa mpangaji hati?

Hayo tusidhani yametupata sisi tu. Miaka ya 1960, katika nchi nyingi za Afrika Magharibi zilizotawaliwa na Ufaransa, filamu zililetwa kwenye kumbi na kampuni mbili za Kifaransa, COMACICO na SECMA. Mtengeneza filamu wa Ouagadougou angeweza kutengeneza atakacho. Kitakachoonyeshwa kwenye ukumbi wa mtaani kwao wanaamua wengine. Mwaka 1970 serikali ya Volta ya Juu, ndiyo Burkina Faso ya leo, ikazitaifisha kumbi. Kampuni zile zikajibu vipi? Zikaacha kuleta filamu. Hebu fikirini: ukumbi unao, umeme upo, watu wamepanga foleni, na huna cha kuwaonyesha. Lakini hawakurudi nyuma. Wakaunda shirika la taifa la kusimamia kumbi, na sehemu ya fedha za tiketi ikaanza kwenda kwa watengeneza filamu. Na FESPACO, tamasha la filamu walilolianzisha mwaka mmoja tu kabla, liko hai hadi leo, na mji ule usio na utajiri wowote wa kujivunia ndio kila mmoja wetu anauota.

Serikali yetu ikitaka kutusaidia namna hiyo, tutaipokea kwa vigelegele. Lakini mimi nina umri wa kutosha kutokaa kituoni kusubiri gari ambalo sijaambiwa linapita.

Niwaambieni habari ya mama mmoja. Alipoianza kazi hii alikuwa msichana tu. Julia Reichert, wa jimbo la Ohio, Marekani. Mwaka 1971 yeye na mwenzake Jim Klein walikuwa na filamu yao, *Growing Up Female*, inayohusu jinsi jamii inavyomfinyanga msichana mpaka anakuwa mwanamke. Wakaamua kuisambaza wenyewe. Wakaungana na Amalie Rothschild na Liane Brandon, nao wakiwa na filamu zao, na ushirika ukazaliwa: New Day Films. Mwenye filamu anabaki mwenye filamu. Lakini kazi ya kuzipeleka ni ya wote, na maamuzi ni ya wote. Wakaenda kwenye shule, vyuo, maktaba, vikundi vya akina mama. Siku hizo filamu ilikuwa mkanda wa milimita 16 ndani ya kopo. Unaifunga, unaipeleka posta, na ikirudi unaikagua kwa vidole kama haijachanika.

Ushirika ule umepita miaka hamsini na bado unafanya kazi. Reichert mwenyewe aliandika kitabu cha mwongozo wa kujisambazia. Mwaka 2020 alipata Oscar, na alifariki Desemba 2022. Watu wanaizungumzia ile Oscar. Mimi kila nikimfikiria, namwona yuko na lile kopo posta.

Kwetu sisi tulianza na upatu.

Mnacheka tena. Lakini hakuna mtu hapa ambaye hajalelewa na upatu, au mchezo, au chama kama wasemavyo ndugu zetu wa Kenya. Tulikuwa sita. Miezi ya kwanza fedha haikwenda kwa mtu. Tukanunua projekta iliyotumika, kisha spika mbili kutoka kwa jamaa aliyekuwa anaacha kazi ya kupiga muziki wa harusi, kisha waya wa HDMI wa mita kumi na tano. Huo waya nitaurudia. Baada ya hapo tukaanza upatu wenyewe, na cha kupokezana hakikuwa fedha. Kilikuwa jasho. Mwezi wa filamu yako, watano waliobaki ni wafanyakazi wako. Mmoja anapiga simu kwa walimu wakuu, mmoja anabandika matangazo, mmoja anakaa mlangoni na kisanduku, wawili wanabeba. Mwezi ujao wewe ndiye unayebeba spika.

Ilikwenda vizuri? Nusu. Mnajua ugonjwa wa upatu: wa kwanza kupokea ndiye wa kwanza kuugua. Mwenzetu mmoja, baada ya mwezi wake kupita, alianza kuumwa kila Jumamosi. Tumbo Jumamosi, mgongo Jumamosi. Na kulikuwa na filamu moja, sitaitaja, ambayo moyoni kila mmoja wetu aliiona mbaya. Tukaibeba hivyohivyo. Nawaambieni, hakuna kazi ngumu kama kumsifia mwalimu mkuu filamu usiyoipenda. Halafu wanafunzi wakaipenda kuliko zote sita, ikiwemo yangu. Hilo limenichukua muda kulimeza.

Tukanunua na daftari. Jalada gumu, kama la yule bwana. Tarehe, mahali, nani alitukaribisha, namba yake, watu walikuwa wangapi, kilipatikana kiasi gani, na safu ya mwisho tuliyoiandika kwa kalamu nyekundu: kilichoharibika. Hiyo ndiyo ninayopenda kuisoma. "Spika moja inakoroma." "Mvua." "Mwenyekiti wa mtaa hakuambiwa." "Waya umetafunwa na panya, umefungwa utepe."

Kuna ukurasa wa Pangani. Tulionyesha kwenye ukuta wa shule ya msingi, shuka tatu zimeshonwa pamoja, upepo wa bahari unazipuliza mpaka uso wa mwigizaji unavimba na kunywea. Filamu yangu ya wavuvi. Niliiandikia hapa Dar, nyumba ya ghorofa, dirisha linatazama barabara. Katikati ya filamu mzee mmoja akasimama. "Simamisha!" Tukasimamisha. Akaja mbele mpaka kivuli chake kikaingia kwenye picha. "Huyu kijana mshipi ameushika kama anavuta ng'ombe. Na upepo huo ni wa kusi, hakuna mtu wa hapa anayetoka na kingalawa kile peke yake. Atakufa huyu." Nikamjibu kwa unyenyekevu, "Mzee, kwenye hadithi anakufa kweli." Akanitazama. "Basi na iwe hivyo. Lakini asife kwa sababu hujui kuvua."

Watu walicheka mpaka jenereta halikusikika. Na hawakuondoka. Tulikaa saa nzima, wakinionyesha mshipi unashikwaje, mtoto wa darasa la nne akiwa mwalimu wangu. Asubuhi mwalimu mkuu akatupa namba za wenzake. Tukaenda Mwera, tukaenda Kipumbwi. Kile kipande cha mshipi nilikirudia kukipiga upya, na yule mzee anaonekana ndani yake, mkono wake tu. Msambazaji gani angenipa hilo?

Niseme kidogo kuhusu vibanda umiza, vile vibanda vya mitaani vya kuonyesha filamu na mpira. Tumewadharau watu wale, na mimi ni wa kwanza. Tumewaita wezi, na kweli filamu wanaonyesha bila ruhusa. Lakini ni nani aliyewafuata kuwapa ruhusa? Nilikwenda kwa mwenye kibanda mmoja Mbagala. Mabenchi, pazia la turubai, feni moja inageuka kama imelazimishwa. Akaniambia filamu yangu haina ngumi. Nikamwambia ina maneno. Akafikiri, akasema: "Jumamosi na Jumapili usije, ni mpira wa Ulaya. Jumatano usije, nayo mara nyingi ni mpira. Njoo Jumanne mchana, akina mama wakiwa wametoka sokoni. Maneno wanayapenda wao." Jumanne kibanda kilijaa. Mtu yule hakusoma usambazaji popote, ila ratiba ya Mbagala nzima iko kichwani mwake.

Na wale wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili? Lufufu enzi za kanda, DJ Mack baadaye, DJ Afro kule Kenya, na Uganda wenzetu wanawaita VJ. Tuliwaona waharibifu. Kumbe walikuwa wanatufundisha kwamba mtazamaji wetu anataka kusemeshwa. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na vijana wake wametengeneza filamu za mapigano kwa vyuma chakavu, na waigizaji wenyewe ndio waliozunguka nyumba kwa nyumba wakiuza diski kabla maharamia hawajaamka. *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010 imejulikana dunia nzima, na sauti ya VJ ndani yake ni nusu ya utamu.

Lakini lisikilizeni na hili: ile nakala ya kwanza, isiyo na sauti ya VJ, haipo tena. Imepotea. Ninyi mlionyosha mikono mwanzoni, diski zenu ziko ngapi? Moja? Iko kabati lilelile lenye pasi? Kesho asubuhi nunua ya pili, mpelekee dada yako Morogoro, umwambie asihifadhi harusi humo.

Najua mtaniuliza kuhusu YouTube. Wekeni, kwa nini msiweke? Lakini piga hesabu ya bando. Filamu ya saa moja na nusu ni bando la mtu la siku ngapi? Kwa wengi mtandao ni mahali pa kuonja. Sinia lenyewe wanalila kwingine, kwenye basi, kwenye kibanda, kwenye ukuta wa shule.

Sina zaidi, na naona aliyeshika ratiba ananipungia karatasi kwa mara ya tatu.

Daftari letu liko pale mezani, karibu na birika. La kwanza limejaa, hilo ni la pili. Halina siri. Namba za walimu na wenye vibanda waliokubali ziko humo; nakili, na ukienda kwa mtu huyo rudi uandike ilikuwaje, hasa kwenye safu nyekundu. Ukurasa wa mwisho ni wa wanaotaka kuanza upatu mpya mwezi ujao. Majina sita yakitimia tunafungua ukurasa mwingine. Nawaomba tu, yule mwenzetu wa Jumamosi asijiandikishe namba moja.

Leo saa moja usiku tunaonyesha filamu tatu hapo nje, ukutani. Tatizo ni kwamba waya wetu wa HDMI, ule wenye utepe mweusi uliotafunwa na panya, haujaonekana tangu jana jioni. Aliyeuchukua simuulizi alikuwa na haja gani nao. Auweke tu kwenye meza ya chai tukienda kula.